Kiti Kilichotatarika

Vipimo vya mionzi vya hospitali vilikuwa vizito vya kusikia. Doa dogo la dawa ya mionzi lingeweza kukaa mezani na visiseme kitu, jambo lililomkosesha raha mama aliyekuwa fundi wavyo. Basi akakifungua kimoja, akakiwekea kichwa kipana chenye utando mwembamba kama ganda la kitunguu, akakizungushia bamba la madini ya risasi kisichanganywe na mionzi kidogo iliyomo katika kila ukuta.

Kwenye korido kilikuwa shwari. Katika chumba cha chai, kipimo kilipofika kwenye kiti cha dirishani, kikatatarika kama mafuta ya moto. Akapitisha kipimo cha zamani palepale. Kimya.

Kiti kile alikikalia mtu mmoja tu: wifi yake, dada wa mumewe, karani wa mapokezi, ambaye hakuruhusiwa kukanyaga chumba cha dawa za mionzi.

Wasiwasi ukamwingia fundi. Wifi huyo, aliyekuwa hamwachi chini mtoto wa fundi, siku hizi alimkwepa kama ana upele. Akija nyumbani hukaa mlangoni, na kikombe hubeba chake. Mume alisema dada yake ameingiwa na maringo. Sasa fundi akawaza wizi. Akakagua stoo, chupa zote zilikuwepo. Hakuridhika, kwani mwizi mjanja hujaza maji.

Akaenda mapokezi, kipimo ndani ya koti. Hata kabla hajaifikia kaunta, kikaanza kulia. Wifi akayashusha macho.

"Umeshika nini, wifi?" fundi akauliza.

Karani akamvuta faragha, akafungua skafu. Alikuwa na ugonjwa wa tezi ya shingo. Hospitali nyingine ilimnywesha dawa ya mionzi, ikamwonya akae mbali na watoto na apumzike nyumbani mpaka iishe mwilini. Akaogopa maswali, akarudi kazini mapema. Jasho lake ndilo lililobaki kitini.

"Kaka asijue," alisema. "Mama yetu alikufa kwa ugonjwa huuhuu wa shingo. Atanizika kabla sijafa."

Fundi aliona haya, lakini haya haisafishi kiti. Akamweleza msimamizi wa usalama, ambaye aliitunza siri, akakifungia kiti na kumpa karani likizo.

Jioni mume akauliza mbona dada yake kapewa likizo ghafla. Fundi akajibu kuwa hajui, upesi mno. Mume akaweka kijiko chini, akamtazama. Tangu hapo, kila mara fundi akipokea simu, mume hupunguza sauti ya redio apate kusikia.