Wageni wa Mwasumini

Zilibaki siku kumi na mbili harusi ya Khairiya ifike, na mwasumini wa Bi Moza pale Jadida ulikuwa ukiliwa. Matumba yaliyotakiwa yawe meupe yaligeuka zambarau, yakatobolewa, yakafungwafungwa kwa nyuzi. Ukilipasua moja, ndani kimelala kidudu cha kijani, kimeshiba, hakina habari na mtu.

Mwasumini huo hasa haukuwa wake. Aliupanda Mwanapili, mke mwenzake, akaujengea uchanja wa miti ya mirunda ubavuni mwa nyumba. Alipougua ugonjwa wa kufa alimshika Bi Moza mkono, akamwomba kwamba mwanawe Khairiya, siku atakapoolewa, asivikwe kikuba, kile kishada cha kunukia, kilichofungwa kwa maua ya kununua. Bi Moza aliitikia. Mtoto alikuwa na miaka sita. Akamlea, akamsomesha, na leo miaka kumi na saba baadaye ahadi inatafunwa mchana kweupe.

Ushauri haukukosekana, maana ushauri ndio kitu pekee ambacho jirani hakunyimi. Kaka yake Talib, mkulima wa Wingwi, alimwambia amwage jivu alfajiri, majani yangali na umande. Akamwaga siku tatu. Vidudu vikaendelea kula na jivu lao mgongoni, mfano wa dagaa waliopakwa unga wakisubiri mafuta.

Akaenda sokoni Wete, kwenye duka la dawa za mimea la Hudhaifa. Kijana huyo alikwishamtolea chupa, kisha akauliza maua ni ya kazi gani. Aliposikia yatavaliwa na bibi harusi, akairudisha chupa kwenye rafu.

“Hino dawa ukishapiga, Bi Moza, ua halivaliwi wala halinuswi siku kumi na nne.”

Bi Moza akahesabu vidole. Zilibaki tisa. Akarudi nyumbani mikono mitupu.

Lililomchoma zaidi alilikuta mferejini alipokwenda kuteka maji. Bi Kazija, jirani asiyejua kunong'ona, alikuwa akiwaambia wenzake: “Nti wa marehemu haukubali nkono wa nke mwenza.” Bi Moza alijitwika ndoo yake akaondoka. Angeweza kumjibu, ulimi alikuwa nao, ila neno lile lilimkuta mwenyewe keshajiuliza. Zamani, mume wao alipokuwa akipenda kukaa chini ya uchanja ule na Mwanapili, Bi Moza aliwahi kuutakia ukauke. Je, dua mbaya huchelewa miaka ishirini njiani? Alifukiza ubani, akasoma Ayatul Kursiyyu mara saba, na asubuhi akakuta matumba mengine yametobolewa. Akaogopa kweli.

Faraja yake ilikuwa moja tu. Wiki tatu nyuma, kwa kuwachelea wezi wa asumini, alitundika globu kubwa juu ya uchanja, ikawa inawaka tangu magharibi mpaka asubuhi. Tangu hapo nondo walimiminika, wadogo wadogo, wakiizunguka taa ile. Bi Moza alifunzwa na bibi yake kwamba kipepeo akija nyumbani, mgeni yu njiani, na nondo naye ni kipepeo wa usiku. Naye alikuwa akingoja wageni wa Unguja na wa Tanga! Akawahesabu kwa furaha, akakataza wasifagiwe. Hata mjusi kafiri aliyezoea kuwawinda pale ukutani alimfukuza kwa ufagio.

Siku ya pili tangu kutoka dukani, baada ya sala ya magharibi, alikuja Mwalimu Conchesta, mpangaji wa nyumba ya pili, Mhaya anayesomesha sayansi. Alileta ndoo ya maji ya sabuni ya mche. Kabla ya kunyunyiza, alisimama akatazama. Nondo mmoja aliiacha taa, akatua juu ya tumba, akabonyeza mkia wake pale.

“Bi Moza,” akasema taratibu, “hawa ndio mama zao.”

“Mama za nani?”

“Za wadudu wanaokula maua yako. Wanafuata taa, halafu wanataga kwenye matumba.”

“Hawa wageni wa harusi, mwalim.”

Conchesta hakucheka, na Bi Moza alimshukuru kwa hilo maisha yake yote. Alisimama akiangalia taa, akiangalia nondo, akimkumbuka mjusi wa watu. Mlinzi aliyemweka mwenyewe ndiye aliyewaita wezi. Akaifungua globu kwa upindo wa kanga, akaungua kidole, akaona ni haki yake.

Kuanzia kesho yake yeye na Khairiya walichuma kila tumba lenye tundu wakalichoma moto, wakanyunyiza sabuni, na mjusi kafiri akaachwa arudi kazini. Matumba mapya yakatoka safi, ila machache. Kila mtu akajigamba. Talib alisema ni jivu, Bi Kazija alisema ni dua aliyoisoma kimyakimya. Bi Moza hakujua amshukuru nani, akawashukuru wote.

Siku ya harusi, baada ya alasiri, alichuma nusu bakuli. Akachanganya na majani ya rehani yanukiayo, akafunga kikuba kimoja tu, akampelekea bibi harusi chumbani, wanawake wamejaa, Bi Kazija mbele kabisa.

Khairiya alikipokea kwa vidole vyekundu vya hina, akafungua uzi, akakigawa nusu kwa nusu. Nusu akaitia nyweleni mwake. Nusu akaanza kumbandika Bi Moza kifuani.

Bi Moza akarudi nyuma. Neno alilolificha miaka yote likamtoka mbele za watu. “Mwanangu, mie huu nti n'lipata kuutakia ukauke.”

“Labda,” alisema Khairiya, akimsogelea na pini. “Mie n'lichokiona tangu ntoto ni weye, kila asubuhi, unautilia maji. Tulia, mama, n'takuchoma.”

Bi Moza akatulia. Bi Kazija akainama kutafuta kiatu chake, ilhali alikuwa amekivaa.