Mkono wa Mama Fundi

"Sasa mtu akizidiwa, atapita wapi?"

Swali hilo aliliuliza Mama Mkaa, jirani wa Mama Fundi, siku ile wageni walipoleta ramani ya kambi yao na kuitandaza juu ya meza ya shule. Wakubwa wa wilaya walicheka. Mkalimani naye alicheka, kisha akawatafsiria wale wanajeshi wa kigeni, nao wakacheka kwa kuchelewa kidogo. Mmoja wao alimpa Mama Mkaa kofia yenye nembo ya kambi. Mama Mkaa aliipokea kwa mikono yake yenye vumbi la mkaa, akaivaa, na anaivaa mpaka leo. Swali halikujibiwa.

Uzio ulipojengwa, barabara ya hospitali ilibaki ndani. Kutoka nyumba za bondeni unaiona hospitali yenyewe, bati lake jekundu, ng'ambo ya uwanja wa ndege za kambi. Wakianika nguo kule, unaweza kutofautisha shuka na gauni. Lakini kuifikia ni kuuzunguka mlima mzima kwa njia ya machimbo, njia ya mawe na makorongo, ambayo magari yenyewe yalikwishaisusa.

Njia hiyo ndiyo aliyopitishwa binti wa Mama Fundi mwaka jana, amelala ndani ya mkokoteni wa Mama Mkaa, juu ya magunia matupu. Mama Mkaa alisukuma, Mama Fundi alishika kichwa cha mwanawe kisigonge mbao. Mtoto alizaliwa machimboni. Alilia kidogo, akanyamaza. Mama Fundi alimfunga kwa kitambaa cha mteja, kilichokuwa bado mabegani mwake kwa vile alitoka mbio akiwa kwenye cherehani yake. Baada ya mazishi alitafuta kitambaa kingine cha rangi ile ile, akashona gauni la watu, wala hakueleza kwa nini limechelewa.

Sasa binti ana mimba tena. Mume wake alikwenda mbali kutafuta kazi, na anachotuma zaidi ni salamu. Mkunga wa mtaa alilipapasa tumbo, akanawa mikono, akasema mtoto amelala upande kama yule wa kwanza.

"Huyu si wa kuzalia nyumbani, mama. Huyu ni wa kisu. Mkiona dalili tu, kimbieni."

Walijaribu kumpeleka kabla ya dalili. Walizunguka mlima kwa miguu, taratibu, wakipumzika kila penye kivuli. Hospitali wakaambiwa vitanda ni vya walioshikwa na uchungu, arudi akishikwa. Wakarudi.

Binti hakukaa chini kulia. Uchaguzi ulipofika alijifunga kitambaa cha kijani kichwani, akapita nyumba hadi nyumba kumwombea kura fundi baiskeli. Huyo fundi baiskeli alikuwa na neno moja tu, akilirudia mpaka watoto wakalikariri: baraza la kata lisiongeze mkataba wa kambi mpaka geti lifunguliwe kwa kila mgonjwa. Watu walimpa kura mpaka mpinzani wake akaona haya kulalamika. Akawa mwenyekiti wa baraza. Kwenye kiti cha wanawake wakamweka Mama Fundi, kwa sababu ni mjane wa sala, hana maneno mengi, na chenji ya mteja aliyesahau huifunga kwenye pindo la nguo mpaka mwenyewe arudi.

"Huyu hanunuliki," Mama Mkaa aliwaambia watu. "Mimi wameninunua kwa kofia. Huyu watamwanzia wapi?"

Wageni walijua pa kuanzia.

Mkalimani alikuja mchana, siku moja kabla ya kikao. Alikuwa kijana wa papo hapo, alisoma darasa moja na binti. Viatu vyake vilikuwa vya kambi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sogeza hivyo vitambaa ukae."

Hakukaa. Alisimama karibu na cherehani, akalizungusha gurudumu lake kwa kidole kama mtu anayecheza.

"Dada hajambo? Naona siku zimekaribia."

"Zimekaribia."

"Mkuu wa kambi ananiuliza habari zake kila mara. Alivyosikia ya mwaka jana, mama, alihuzunika. Naye ana mabinti." Akatoa mfukoni kadi ngumu yenye kamba ya bluu. "Hii ni ya kupita getini. Saa yoyote. Wanampakia kwenye gari lao, na kabla hujamaliza kufunga mlango wako yeye yuko kitandani."

Mama Fundi aliipokea akaisogeza kwenye mwanga. Kadi ilikuwa na picha ya binti yake tayari. Binti amefunga kile kitambaa cha kijani, mdomo wazi, anaongea na mtu aliyekatwa asionekane. Ilipigwa kutoka mbali, tena kutoka juu.

"Hii picha mlimpiga lini?"

"Ah, mama. Picha zipo tu."

"Na mke wa kinyozi? Naye anakaribia. Kadi yake iko wapi?"

"Tuanze na moja, mama yangu. Tusiwashtue."

"Mnataka nini kwangu?"

Mkalimani aliweka mkono kifuani. "Sisi? Hatutaki kitu. Hakuna anayemlazimisha mtu, hii ni demokrasia. Kesho baraza linakaa, kila mmoja ananyoosha mkono kama roho yake inavyomwambia." Aliichukua kadi mkononi mwa Mama Fundi polepole, akaikunjia kamba yake vizuri. "Nitakuwa hapo nje kikao kikiisha."

Alipoondoka, Mama Fundi alipiga magoti pale pale, kati ya vipande vya nguo. Aliomba aonyeshwe njia. Kila alipofumba macho aliiona ile ya machimbo.

Kikao kilifanyika darasani, maana ofisi ya kata ilikuwa inapakwa rangi kwa msaada wa kambi. Wajumbe walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa juu karibu na kidevu. Mlangoni walisimama wanajeshi wa kigeni na silaha zao, wapole kabisa, wakimshika mkono kila anayeingia. Mwingine alikuwa na kamera. Mkuu wa kambi alikaa pembeni, kwenye kiti cha mwalimu. Mwenyekiti hakuwepo. Asubuhi ile polisi walimkuta akiziba pancha, wakamwomba waende naye kwa mahojiano mafupi. Kiti chake alikikalia mkuu wa wilaya.

"Tusimsubiri mwenyekiti?" aliuliza mzee mmoja, mshona viatu.

"Mwenyekiti ana dharura."

"Dharura gani, mheshimiwa, nasi tumemwona akipandishwa gari la polisi?"

"Si ndiyo dharura yenyewe, mzee wangu?" Mkuu wa wilaya alicheka, na wengine wakacheka kwa sababu yeye amecheka.

"Na kura? Mkataba tulisema utapigiwa kura ya siri."

"Karatasi zinawachanganya watu. Mikono haichanganyi. Halafu jambo lenyewe ni la usalama, kwa hiyo yanayosemwa humu yabaki humu. Atakayeyatoa nje asije kusema hakuambiwa." Akafungua kofia ya kalamu. "Wanaokubali mkataba uongezwe, mikono juu."

Mikono ilinyooka. Mingine ilibaki mapajani. Mzee mshona viatu aliikalia yake kabisa, kama mtoto aliyekatazwa kula. Mkuu wa wilaya alihesabu kwa ncha ya kalamu, akarudia, midomo yake ikicheza. Walionyoosha na wasionyoosha walikuwa sawa, ukimwacha Mama Fundi. Mkono wa Mama Fundi ulikuwa juu ya dawati, umelala.

"Mama?" mkuu wa wilaya aliita kwa upole, kama anayemwamsha mgonjwa.

Dirishani, nje, mkalimani alikuwa ameegemea ukuta. Alikuwa akiviringisha kamba ya bluu kwenye kidole, akiifungua, akiiviringisha tena. Hakutazama ndani hata mara moja.

Mama Fundi aliinua mkono. Hakuunyoosha wote; aliuinua kama mwanafunzi asiye na hakika na jibu lake. Kamera ikamulika.

"Asante sana, mama," alisema mkuu wa kambi. Maneno hayo aliyajua mwenyewe, hakuhitaji mkalimani.

Nyumbani binti aliishika kadi kwa ncha za vidole.

"Wametupa sisi tu? Kwa nini?"

"Mkalimani ametuonea huruma. Mungu ana njia zake."

Kwa sababu ya neno hilo, sala yake ya jioni ile ilikuja kukatika katikati.

"Na mkataba?"

"Umepita."

"Umepita! Nani walionyoosha?"

"Tumekatazwa kusema."

"Hata kwangu?"

"Hata kwako."

Binti alicheka kidogo, kicheko cha kuchoka. "Wewe hukunyoosha, hilo silihitaji kuambiwa. Ungenyoosha ungeshindwa kunitazama."

Mama Fundi alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Ulikataa kuingia. Aliulamba, akajaribu tena, macho kwenye tundu.

Mwenyekiti hakurudi. Mke wake alipeleka chakula kituoni, akaambiwa amehamishiwa kituo kingine. Alipofika huko akaambiwa arudi cha kwanza. Baiskeli za watu zilibaki zimepinduliwa mbele ya kibanda chake, magurudumu juu. Mtaani kila mjumbe alitazamwa kwa jicho la pembeni isipokuwa wawili, mzee mshona viatu na Mama Fundi. Mama Mkaa alimletea mkaa, akakataa malipo.

"Angalau nyie wawili mlisimama," alisema. "Mungu anawaona."

"Anaona," alisema Mama Fundi.

Bango lilisimamishwa kwenye njia panda, mbele ya bomba la maji, mahali ambapo kila mwanamke lazima apite. Lilikuwa la turubai zito, refu kuliko nyumba. Sura za watu zilikatwa, kwa ajili ya usalama. Ilibaki mikono tu, imenyooka kuelekea juu, na maandishi: WANANCHI TUMEAMUA. Chini yake nembo ya kambi, ile ile ya kofia ya Mama Mkaa. Mkono wa mbele kabisa ulikuwa mkubwa kama mlango. Haukunyooka sawasawa. Kidole chake cha shahada kilikuwa na ukucha uliopasuliwa na sindano ya cherehani zamani, ukaota vipande viwili, kama kwato ya mbuzi.

Asubuhi hiyo binti alikuwa amekwenda kuteka maji. Alirudi na ndoo tupu, akitembea kwa kushika ukuta. Mama Fundi alimwona kutoka mlangoni, akaitupa chini suruali aliyokuwa akiipinda.

"Umeshikwa? Umeshikwa, eeh? Ingia. Hapana, usiingie, twende." Kadi ilikuwa imening'inia kwenye msumari juu ya cherehani. Aliichomoa, kamba ikamnasa mkononi. "Twende getini. Ni hapo tu, mwanangu. Jikaze, ni hapo tu."

Binti alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, meno yameuma mdomo. Alingoja maumivu yapite. Yalipopita alisema, "Nipe mkono wako."

Mama Fundi alimpa, akidhani anataka kushikwa. Binti aliugeuza mkono ule kwenye mwanga. Alipitisha dole gumba lake juu ya ukucha uliopasuka, kipande kimoja, kisha cha pili.

"Ulisimama au ulikaa?"

"Nini?"

"Uliponyoosha."

Suruali ya mteja ilikuwa chini kati yao. Mama Fundi aliitazama hiyo.

"Nilikaa," alisema.

"Mke wa kinyozi yuko pale bombani. Ananionyesha: 'Tazama, dada, wa mbele ni mkono wa mwanamke. Nikimjua huyu!' Tumbo lake hilo, linanigusa, ananiuliza mimi kama namjua." Maumivu yalirudi, akakunjamana, akashika mwimo kwa mikono yote. Alipoinuka jasho lilimfika kidevuni. "Nikamwambia simjui."

"Yule wa kwanza nilimfunga mimi," alisema Mama Fundi. "Kwa mikono hii. Mkunga alisema safari hii mtatoka wawili au hatoki mtu. Ulitaka nifanye nini? Niambie wewe uliyesoma, nifanye nini?"

Uani magurudumu yalikwaruza changarawe. Mama Mkaa alisimamisha mkokoteni, akiwa ametandika magunia safi, kofia yake ya kambi imepinda kichwani. Alikuwa anahema.

"Nilimwona ameshika tumbo pale bombani, nikasema..." Alimtazama binti, akamtazama mama, akaitazama kadi. Pengine hakuwa amelitazama vizuri bango, au alikuwa amelitazama.

"Jirani, mwambie," Mama Fundi alisema. "Wewe anakusikia. Mwambie tupite getini. Kadi hii hapa, ni yake, ina picha yake."

Mama Mkaa alivua kofia. Nywele zake zilikuwa na mvi ambazo watu hawakuwa wameziona siku nyingi. Aliishika kofia kifuani, kisha kama aliyekumbuka ni ya nani, akaiweka juu ya magunia.

"Mimi nasukuma tu," alisema. "Mniambie tunapita wapi."

Nyuma yake, ng'ambo ya uzio, bati jekundu la hospitali liling'aa. Mtu alikuwa anaanika shuka.

Mama Fundi alimvisha binti yake kamba ya bluu shingoni, taratibu, kama alivyokuwa akimvika nguo mpya za kupima alipokuwa mdogo. Binti aliinamisha kichwa akamwacha amvishe. Halafu akaivua. Akaitundika kwenye gurudumu la cherehani, picha ikielekea ukutani, akakaza shuka kiunoni, akaivuka suruali ya watu iliyolala mlangoni, akatoka kuufuata mkokoteni, uso upande wa machimbo.