Jeti Chini ya Ulimi

...jeti, si kitundu, nilimwambia, hii shaba ndogo ya kabureta inayopima petroli, kila kitu kina jina lake, na Basili akacheka huko chini alikolala, akasema haya Baba, jeti, itunze mdomoni isipotee kwenye vumbi, nami nikaiweka chini ya ulimi kwa sababu mikono yangu yote miwili imeshika usukani wa pikipiki hii ya marehemu kaka yake, Modest, pikipiki ya aina ya kruza, ndefu, ya kukalia chini kama kiti cha sebuleni, tangi limetoa tumbo mbele, na kwa kuwa Basili ameikata stendi kwa msumeno asubuhi hii hakuna kinachoizuia isianguke ila mimi, mzee... ladha ya shaba na petroli, ni ladha ya damu hasa, ukijiuma ulimi ndivyo inavyokuwa... yeye amelala ubavu juu ya gunia, mguu wa kulia ameunyosha chini ya injini, soli ya katambuga inanitazama, anafungua kabureta na kusema itakula nusu Baba, nusu ya ilivyokuwa inakula, nami natikisa kichwa, siwezi kusema na kitu hiki mdomoni, na hata ningeweza, tangu nilipoelewa jana sijalitaja jambo lenyewe, si kwake, si kwa mama yake Verediana ambaye namsikia jikoni anapepeta maharage kana kwamba siku hii ni ya kawaida, labda kwake ni ya kawaida... ilianza kama jambo la akili, ndiyo maana nilikubali, Modest aliinunua Arusha wakati ule wa ruksa, kila kitu kilipoanza kuingia nchini, mitumba, redio, pikipiki za kila namna, na yeye akaipenda hii kwa nikeli yake inayong'aa, hakuuliza inakula kiasi gani, inakunywa petroli kama dume lililotoka kulamba magadi, na siku ile alipotoka mnadani Katesh ilimwishia tambarareni kupita Nangwa, akawa anaisukuma juani, na wauaji walimkuta hivyo, anasukuma, mkuki ukaingia chini ya bega la kushoto ukatokea mbele, nilimwosha mwenyewe, kidole changu cha shahada kiliingia katika tundu lile mpaka kiungo cha pili, na pikipiki hawakuigusa, ufunguo ulikuwa bado mfukoni mwake, kumbe hata wizi haukuwa... kwa hiyo Basili aliposema Baba, tuitengeneze upya, tuipunguze ulaji, isije ikamfanyia mtu mwingine hivi, nilisema ndiyo, nilikwenda dukani mwenyewe, nikavaa miwani nikasoma namba iliyochongwa kwenye jeti, nikachagua ndogo, lakini si ndogo mno kwa sababu injini ikinyimwa mafuta inapata moto na pistoni inakwama, nilifurahi kuwa na kazi ya mikono... akafunga sproketi ya mbele, gurudumu la meno linalovuta mnyororo, yenye jino moja zaidi ili injini isizunguke mno, sawa, ni ulaji, akakata kiti cha abiria, nikasema uzito, akakata vyuma vya abiria vya kukanyagia, uzito tena, ingawa nilimwona Gaudensia, mjane wa Modest, akiviokota kimya na kuvifunga katika kanga, akaukata usukani mpana ukawa mwembamba, akasema kifua hakitapigwa na upepo na utapita vizuri kwenye migunga, na hapo ningepaswa kujiuliza, migunga ya wapi, barabarani hakuna migunga, kisha nikeli yote akaipaka rangi nyeusi isiyong'aa, rangi haina uzito wa kupunguza, kisha taa akaiwekea swichi ya kuizima pikipiki ikiwa inatembea, kisha eksozi akaijaza nyavu za chuma, sasa haiungurumi, inakohoa tu kama mtu aliyechelewa kanisani, na eksozi iliyozibwa inaongeza ulaji, hilo hata mimi nalijua, na jana akachomelea bomba refu kwenye fremu chini ya tangi, nikauliza la nini, akasema la mwavuli Baba, mvua za huko chini hazitabiriki, nikalitazama, mwavuli gani, bomba limebanwa likawa bapa, ni upana wa panga... tangi moja, kutoka hapa Dongobesh mpaka Nangwa na kurudi, bila kusimama sheli ya Katesh ambako kila mtu anajua yeye ni mdogo wake nani... hiyo ndiyo nusu anayoihesabu.

Na mimi, nilipoelewa, sikuogopa, niseme kweli maana hapa hakuna anayesikia, nilifurahi, damu ilinipanda mpaka masikioni kama kijana aliyesikia ngoma, kwa sababu yule mtu aliyemchoma Modest nimemwua moyoni mara nyingi kuliko Basili, nimemwua kwa mkuki wake mwenyewe, kwa nyundo hii ya kugongea ekseli, kwa jiwe la kusagia, nimemkalia kifuani nikampiga jiwe mpaka uso ukawa uji, nimekwenda kupokea komunyo huku nimemkaba koo, padre anasema Mwili wa Kristo, mimi nasema Amina na chini ya Amina meno yake yanavunjika moja moja... usukani unateleza, mikono imetoa jasho, naushika upya, uzito wa pikipiki unanivuta upande wa Basili, anasema usilegeze Baba, ukiiachia hii inanivunja, nami natikisa kichwa... nani huyo njiani, ni jirani yetu Xavery, shikamoo mzee Nikolausi, anasema, mbona umemshika dume pembe namna hiyo, unamhasi au unamwuza, na Basili anacheka kutoka chini, anasema bado hajapata bei nzuri, na Xavery anasema ukimaliza unipitishe nayo mbele ya nyumba ya wakwe zangu wajue na mimi nina marafiki, ninainua kidevu kuitikia marahaba, jeti inagonga jino, anakwenda zake anapiga mluzi, mtu mwema, kesho kutwa atakuja kuniambia pole kwa mtoto wa pili... "Baba," Basili anasema, sauti imeshuka, "unajua ninakokwenda." Hajaninyanyulia macho, anasafisha kikombe cha kabureta kwa kitambaa, kikombe, ndiyo, ndilo jina lake, na mimi nasukuma jeti shavuni kwa ulimi ili niweze kusema, nasema najua, na yeye anapumua kama mtu aliyetua mzigo, anasema nilijua kuwa unajua, mama asiambiwe, na mimi nasema, kwa sababu ndilo swali la kwanza ambalo mtu yeyote angeuliza na sijui kwa nini sikuliuliza jana wala juzi, nasema, "Nani?"

Nani nini, anasema. Nani, jina lake nani, umelipata wapi, askari wa kule aliniuliza jina sikuwa nalo, akasema mzee bila jina nimkamate nani, na kweli, angemkamata nani, kama wewe umelipata nitajie, nataka kulisikia, nilitafune... na yeye anasema bila kusita, kama anayesema namba ya spana, "Yeyote, Baba. Wa kwanza nitakayemkuta pale kisimani kwao Nangwa alfajiri. Mang'ati ni Mang'ati." Si Mang'ati, nasema, wafugaji wale wa huko chini ni Wabarbaig, Wadatooga, Mang'ati waliitwa na wengine, nasema hivyo kwa mazoea tu, kama mtu anavyosahihisha mtoto mezani, na yeye anasema haya Baba, Wabarbaig, lete jeti... Mwalimu Petro Tluway pale shule wakati wa Mwingereza alikuwa na fimbo ya mzaituni, ukisema kile kitu alikupiga vidoleni, kile kitu hakina jina, alikuuliza, kama hakina jina umekionaje, na nilipokuwa karani wa mahakama kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni na kuita, jina la mtu, jina la baba yake, jina la mahali, na hakimu hakugusa kalamu mpaka mtu aitike, hata waliokwenda kunyongwa walikwenda na majina yao... yeyote, ni nani huyo yeyote, mimi kisima kile nakijua, nakijua alfajiri, wa kwanza kufika ni Gidabuday, Gidabuday Gidahoda, Mbarbaig rafiki yangu, kwa sababu ni mzee na hapati usingizi, anatangulia kusafisha mfereji kabla ng'ombe hawajafika, na kati ya ng'ombe hao dume langu jekundu liko, nililiweka kwake mwaka wa njaa na bado ananiletea habari zake kana kwamba ni mkwe wangu, Gidabuday aliyekuja kwenye matanga ya Modest, watu wakamtukana, akaketi njiani nje ya boma na hakuingia wala hakuondoka mpaka nilipokwenda nikamwita kwa jina lake na la baba yake, na alipoinama atazame kaburi niliiona shingo yake, nyembamba, ina mikunjo kama ya kobe, naiona sasa, naona panga likitoka kwenye bomba la mwavuli, naona mikunjo ile ikifunguka, na mkono ni wa Basili, na meno nyuma ya Amina ni yangu... Gidabuday ndiye aliyeniambia Modest alivyouawa, hakutaka, nilimlazimisha, mke wa mtoto wake alikuwa anakata kuni akawaona, vijana watatu au wanne, si wa boma lao, hakuwajua, alisikia Modest akisema mimi ni Modest, Modest Nikolausi Akonaay wa Dongobesh, akasema tena, kwa sauti, jina lote, kama nilivyowafundisha wote wawili tangu wadogo, ukipotea taja jina lako lote, na wao hawakujibu, hawakuuliza, walikuwa wanatafuta yeyote.

Wakampata... "Baba, jeti," anasema, "mkono unachoka." Umenyooshwa hapo chini, wazi, mweusi kwa oili, mkono niliouongoza kuandika B ya kwanza, na yule mke wa mtoto wa Gidabuday kule kisimani, siku ya kuuawa mtu wa pili, atakuwa anakata kuni, atasimulia, alikuwa mmoja, pikipiki nyeusi, haikuwa na sauti, mzee alitaja jina lake... nasema "Nani, Basili?" na yeye anasema ah, Baba, nimeshasema, na ninasikia uzito wote wa chuma hiki viganjani, tangi, injini, magurudumu, unavuta upande wake, mguu wake wa kulia uko palepale chini ya injini, soli inanitazama, mfupa mmoja ukivunjika hauui mtu, nimeona wengi mahakamani wakija na magongo, unaunga, kwa miezi, na mtu aliyelala kitandani miezi hana alfajiri ya kwenda popote, angelia, angenichukia, Verediana angetoka jikoni na maharage mkononi... navibana vidole mpaka vimekuwa vyeupe, sijaachia, jeti nimeirudisha chini ya ulimi, mkono wake bado unangoja, na mimi bado nimesimama hivihivi nilivyosimama, ila sasa nataka kusikia jina, nitauliza mara moja tena, na kama ni yeyote, basi ule mfupa wa mbele, kati ya goti na kifundo, unaitwa muundi.