Tufaha la Kudra

...na sasa limo mkononi mwake, jekundu upande mmoja, kijani upande wa pili, dogo kuliko alivyoliota, na Hamisa analigeuzageuza tu, Kudra kamlalia mapajani, mwepesi, mwepesi mno, surua imeondoka na nyama zote ikamwachia macho, na nesi Grasiana kasimama mbele ya mabenchi ya zahanati, anasema usimenye, mama Kudra, lioshe tu, ganda lake ndilo linalolainisha choo... ganda, sawa, tetea mzima alipelekwa Korogwe kafungwa miguu, Sadala, mumewe Hamisa, akambadilisha kwa Mshambaa aliyeteremka na matunda ya Lushoto, matufaha machache, yote yakapondeka kwenye lori isipokuwa hili, wenzake wakacheka, lakini si mabwana wa mkonge waliyala haya na mashavu yao yakawa mekundu vile?... lina maji, anasema nesi, lina utamu wa kutia nguvu, na kulitafuna kunaita mate, kunaamsha hamu ya kula... hamu, hiyo hiyo, Mola wangu, Hamisa haombi kingine, hata matonge mawili ya ugali, uma, mwanangu, uma kidogo, na Kudra anauma, anakunja uso kwa uchachu, anatafuna, ee, anatafuna! na harufu inapanda, mbichi, tamu, ikamchukua Hamisa mpaka kule mahame, walikovunja nyumba wakati wa kuhamia kijijini, mpera wao ungalipo, mapera yanaiva yenyewe, yanaanguka juu ya kaburi la Fatu, dada yake Kudra, hawakuonana hata siku moja, na mama mkwe Mashavu alikataza, mti wa kaburini hauliwi, mwenye kula anamwita marehemu, basi yanaoza, tumbili wananenepa... lakini msihangaike na Lushoto, mama zangu, nesi anasema, mema yote haya ya tufaha mapera yenu yanayo, tena mengine yanalizidi, nani ana mpera?... Hamisa anamtazama Kudra, ule wa mahame kila msimu anaupita kwa mbali njia ya kisimani, anafumba macho, anaogopa, anaogopa sana, Fatu akiitwa atamchukua nani tena, na Fatu alikuwa mpaji yule, akipata pera lazima alimege, nusu yake, nusu ya mama, hata likiwa bichi, na tumbili wale wamekula miaka yote, nani kafa? mtoto mpaji hivyo atamnyima mdogo wake? ataanzia wapi?... jamani, mpera, nani anao, nesi anauliza tena, Kudra angali anatafuna kipande kile kile cha kwanza, hajameza, na Hamisa anashtuka kuuona mkono wake uko juu.

"Upo, nesi. Ni wa mwanangu Fatu."