Vijiti Vizito

Kaka yangu ni fundi redio, na mtaani kila mtu humwita Fundi, hata mama yetu. Ana moyo mzuri, nasema kweli. Lakini ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona kitufe cha kuzungusha bila kukirudisha nyuma. Feni ya nyumbani kwetu haijawahi kuzunguka kwa kasi yake yote. Redio tunaisikiliza kama wezi. Ukimuuliza, atakwambia vitu hudumu vikitumiwa kwa adabu.

Droni yangu niliiunda mwenyewe, juu ya meza ya chumbani kwa mama, yeye kitandani akinitazama. Tangu alipopooza, mimi ndiye mikono na miguu yake. Namlisha, namwogesha, namgeuza asipate vidonda. Katikati ya hayo yote nilichonga fremu ya mbao nyepesi, nikalehemu nyaya kwa vifaa vya kaka, nikafunga mota nne na mapanga manne ya kuzunguka, kama ya feni. Siku iliponguruma kwa mara ya kwanza, mama alicheka kwa upande wa mdomo unaomtii. Nikajiona nimeokoka.

Kumbe rimoti ilikuwa bado haijapita mikononi mwa Fundi.

"Wewe ndiyo kwanza unaanza," alisema, huku akibonyeza menyu. "Nakupunguzia wepesi wa vijiti hivi vya rimoti. Hata ukisukuma kijiti mpaka mwisho, droni itainama kidogo tu. Huwezi kuibinua."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uive."

"Kwani mimi ndizi, kaka?"

Akacheka, akaifunga menyu kwa namba ya siri.

Mwanzoni alikuwa na haki. Anayeanza ana vidole vya pupa, na droni yenye vijiti vyepesi haisamehe pupa. Lakini miezi ikapita, na mimi bado naizungusha uani, kati ya kamba ya nguo na tangi la maji, nasukuma kijiti mpaka kinagonga ukingo, nayo inasogea kwa mapozi kama bibi harusi. Nilichoka mpaka nikawa naiota.

Ndipo akaja dukani kwa kaka mpima ardhi mmoja, mzee wa kofia pana, anayepima mashamba kutoka angani. Alikuwa anatafuta wa kumrushia droni. Fundi, kwa majivuno yake, akamwambia, "Dada yangu kaunda ya kwake." Mzee akasema nikamwonyeshe Jumamosi, kwenye uwanja wa mpira. Kama ningefaulu, ningetoka nyumbani siku tatu kwa wiki. Siku tatu! Jirani alishakubali kukaa na mama. Sikuwahi kutaka kitu kama nilivyoitaka kazi ile.

"Uwanjani kuna upepo," nilimwambia kaka. "Kwa vijiti hivi itapeperushwa kama mfuko wa plastiki. Niongezee wepesi."

"Bado."

"Bado nini?"

"Na mama?" akauliza.

Mimi nilikuwa nimeuliza habari za vijiti. Hapo nikaelewa ile namba ya siri ilikuwa inafunga nini, na hasira zikanipanda mpaka masikio yakawaka moto.

Namba yenyewe haikunisumbua. Fundi hutumia moja kwa kila kitu, mwaka wa kuzaliwa kwa mama. Nikaifungua menyu, nikapandisha wepesi mpaka juu kabisa. Sikuijaribu, maana kaka alikuwepo na angeusikia mlio. Nilijiambia kurusha ni kurusha.

Jumamosi kaka alifunga duka, akanisindikiza. Mpima ardhi akasimama pembeni, mikono nyuma.

"Ipeleke mpaka golini, uirudishe," alisema.

Ikapanda vizuri. Upepo ukaisukuma kushoto, na kidole gumba changu kikafanya kile kilichozoea: kikasukuma kijiti mpaka ukingoni. Droni ikabinuka hewani, ikala mchanga. Panga moja likavunjika.

"Jaribu tena," mzee akasema. Hakuwa mtu mbaya.

Nikafunga panga jingine huku nikijisemesha: kidogo tu, gusa, usisukume. Ikapanda. Upepo ukaja. Kidole kikaenda mpaka ukingoni, ikala mchanga tena. Akili ilikuwa inajua, kidole hakikuwa na habari. Mazoea yana taabu. Nilikuwa nimefungua kila kilichofungwa kwenye ile rimoti, lakini ukuta wa uani ulikuwa umehamia vidoleni mwangu.

Kaka akaja tuliposimama. Hakuuliza kilichotokea; kwa jinsi ilivyobinuka, alishajua nimegusa nini. Bora angenifokea. Akanyoosha mkono.

"Lete."

Nikampa. Sikuamua kumpa, nilijikuta tu nimeshampa, kama ninavyompa sahani yake ya chakula kila jioni. Akabadilisha panga, akairusha kwa wepesi uleule niliouweka mimi, hakupunguza hata chembe. Akaipeleka mpaka golini kwa ncha za vidole, akaigeuza, akaitua miguuni pake.

"Haya ndiyo mambo!" mpima ardhi akasema. "Fundi, utaanza lini?"

"Mimi nina duka langu, mzee."

Mzee akajikuna kidevu, akanitazama.

"Basi dada ajifunze kwa vijiti hivihivi. Mwezi mmoja, halafu nitamwangalia tena."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kushukuru.

"Huyu ana mama nyumbani," kaka akasema. "Amepooza."

"Jirani amekubali kukaa naye," nikasema.

Kaka akanishika bega, kwa upendo kabisa. "Hayo tutaongea nyumbani."

Mpima ardhi akaivua kofia yake. Akanipa pole, akanipongeza, akasema mabinti wa namna yangu siku hizi ni wachache. Kisha akamgeukia Fundi, akamuuliza kama anamfahamu mtu mwingine anayejua kurusha.