Mabaka ya Jua

Mariette hakuwa mtu wa vioo. Tangu mume wake alipofariki, kazi yake ilikuwa kuanika kakao kule Mavivi. Alitandaza mbegu kwenye bashi, turubai la plastiki, akazigeuza kwa miguu tangu asubuhi mpaka jua lishuke, na uso wake ulikuwa kitu cha kunawa tu. Basi siku jirani yake Ngalula alipomwonyesha kwenye simu picha za sikukuu ya kwaya, Mariette aliuliza bila ubaya wowote:

"Huyu mama wa mabaka ni nani?"

"Ni weye," Ngalula akajibu.

Mariette akaishika simu, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Ni kweli. Kila shavu lilikuwa na baka la rangi ya kahawa, na jingine lilikuwa limekaa kwenye paji la uso kama kwamba limelipa kodi.

"Ni jua," akasema Ngalula. Alikuwa mwalimu wa biolojia, mzaliwa wa Kananga. Serikali ilimtuma Beni, na Beni haikumwachilia tena. "Unaanika kakao, na jua nayo inakuanika weye."

"Na mimi niko binti? Uso wangu nautengenezea nani?"

"Papa Kamate."

"Mwalimu mzima na maneno ya bitoto!" Mariette akasema, lakini aliuficha uso kwenye kitenge.

Kamate alikuwa mnunuzi wa kakao kutoka Butembo, mwanaume wa makamo aliyefiwa na mke. Msimu wa kakao alifika Mavivi kila wiki. Magunia ya wengine aliyapima haraka, akafunga, akapakia. Gunia la Mariette lilihitaji mazungumzo: mvua ya Eringeti, mahubiri ya Jumapili, meno ya mjukuu. Mariette alisema hiyo ni biashara. Ngalula naye alisema hajawahi kuona biashara yenye haiishi.

Ngalula ndiye aliyemweleza kwamba kuna dawa za kupaka zenye vitamini C, zinazopunguza mabaka ya jua polepole. Alieleza mengi, lakini Mariette alisikia moja tu: vitamini C iko mu malimau. Na malimau yalijaa kwenye lupango yake, pale uani. Ya nini basi kununua?

Kesho yake alikamua malimau, akajipaka uso mzima, akaenda Mavivi kugeuza kakao. Kufika saa sita mashavu yalikuwa yanawaka. Kulipokucha tena yalikuwa yamevimba, mabaka yameiva zaidi ya zamani.

Ngalula alitaka kumhurumia, lakini kicheko kilimtangulia. "Ma Mariette! Unajipaka malimau sawa samaki, halafu unajianika! Ilibaki mafuta tu mu sufuria!"

"Ulisema vitamini C!"

"Nilisema vitamini C, hapana mboga!"

Akamkataza kupaka chochote, akamweka kivulini siku nyingi, akimnawisha kwa maji safi tu. Ngozi ilipopona, wakapanda taksi kwenda Butembo, kwenye duka la dawa la Gaëlle, ambaye Ngalula aliwahi kumfundisha.

Kabla hawajafika, muuza vipodozi mmoja aliwaita barabarani. "Mama, hii itakufanya mweupe mu siku tatu!"

"Na bajukuu bangu batanijua namna gani?" Mariette akamjibu, akapita.

Gaëlle aliweka chupa mbili mezani. Mariette akaziruka, akashika nyingine ya kioo cheupe, iliyokuwa imekaa dirishani. Maji yake yalikuwa mekundu kama chai kali.

"Hii iko na nguvu. Ona rangi."

"Hapana, mama, hiyo imeharibika, nilikuwa naenda kuitupa. Vitamini C inaogopa jua kuliko uso yako. Ikigeuka rangi hivi, iache." Kati ya zile mbili, moja akaisogeza pembeni. "Hii ni kali, na ngozi yako imetoka kuungua. Kamata hii ndogo, ya chupa nyeusi. Asubuhi matone kidogo, halafu juu yake krimu ya kukinga jua, halafu kofia. Bila krimu ya jua, ni sawa kupangusa nyumba yenye haina mabati."

"Na mabaka itaisha siku gani?"

"Itapunguka mu miezi. Kuisha yote, siwezi kukuahidi."

"Miezi! Lakini kakao yenyewe inakauka mu wiki!"

Hapo mlango ukafunguka, akaingia Papa Kamate, kofia imemfika masikioni. Hakutazama kushoto wala kulia. Akainama mezani, akanong'ona, "Binti yangu, ile dawa ya... ya kichwa, ilifika?"

Mariette alitafuta pa kujificha, lakini rafu ya maziwa ya watoto ilikuwa nyembamba kuliko yeye.

"Papa Kamate! Wavukire!" Ngalula akamwamkia kwa furaha yote ya dunia.

Mwanaume akageuka, akamwona Mariette, na kwa mazoea akavua kofia. Upara wake ulikuwa na mabaka, na katikati ulikuwa unabambuka kama kiazi cha kuchemsha.

"Ni jua ya Mavivi," akasema, maana sasa hapakuwa na la kuficha. "Kila nikifika natoa kofia kumusalimia Mama Mariette. Halafu tunaongea."

"Lakini kwa nini hukusema?" Mariette akauliza. "Kuko kivuli pale kwa hangari ya kakao."

"Kivulini kuko batu bengine."

Gaëlle akakohoa. Ngalula akaanza kusoma kisanduku cha dawa ya minyoo, kichwa chini miguu juu.

"Na weye, mama, unatafuta nini?" Kamate akauliza.

Mariette alifikiri kusema kikohozi. Kisha akainua uso. "Vitamini C. Ya mabaka."

"Mabaka gani?"

Alimtazama vizuri, akaona mtu huyu hatanii. Hajaona kitu. Aliungua na malimau mpaka akavimba, kumbe kwa ajili ya mabaka yasiyoonekana na mwenyewe aliyekusudiwa! Alikaribia kukasirika. Lakini chupa yake aliinunua, na krimu ya jua pia, maana uso, aliamua hapo hapo, ulikuwa wake mwenyewe.

Kamate aliuziwa krimu ya jua, akaamriwa asivue tena kofia nje, na kidonda kimoja cha kichwani kisichopona akionyeshe kwa daktari. Mlangoni akauliza kama angeweza kufika Beni siku ya Mungu, baada ya ibada, bila mizani.

"Ukikuja, utakula," Mariette akasema.

Alikuja, akaandaliwa sombe ya majani ya muhogo. Jioni ile, Ngalula alikuwa tayari kwenye uzio.

"Alisema nini?"

"Alisema sombe inakosa pilipili."

"Na akaiacha?"

"Aliomba ingine," Mariette akasema, "na aliuliza Jumapili ijayo nitapika nini."