Upande wa Vigingi

Mkaguzi wa manispaa alivaa buti zake za mpira, akakaza kofia ngumu kichwani, akateremka ukingo wa kiwanja na fimbo ya kupimia mkononi. Juu ya kilima, mahali palipokuwa na miti, tingatinga lilikuwa limekwisha kuikwangua ardhi ikabaki nyekundu na tupu, kwa ajili ya nyumba za ghorofa ambazo kwenye mabango zilikuwa tayari zimeota maua. Chini ya kilima kulikuwa na mtaa wa watu. Katikati palikuwa na kitambaa cheusi, kirefu, kinachofika magotini, kilichowambwa kwenye vigingi kufuata mteremko wote. Kazi ya kitambaa cha namna hiyo inajulikana: mvua ikinyesha, maji yapite, udongo ubaki. Kazi ya mkaguzi nayo inajulikana, ni kuangalia kama udongo umebaki.

Udongo haukuwa umebaki. Upande wa juu wa kitambaa palikuwa peupe, huwezi kuokota hata donge la kumtupia mbwa. Lakini kitambaa chenyewe kilikuwa kimetuna, na kilitunia upande wa juu, jambo lililomfanya mkaguzi akunje uso. Akakisukuma kwa ncha ya fimbo.

"Jamani, huko juu kuna mtu?" kilisema kitambaa kwa sauti ya mwanamke.

Akasogea pembeni kidogo, akasukuma tena. Safari hii akasikia mtoto akililia ndala yake iliyomezwa na tope, halafu mlango ukigongwagongwa, halafu mzee mmoja akilaani kwa lugha ambayo mkaguzi hakuizoea kazini.

"Kimeanza kujaa," alisema msimamizi wa kiwanja, aliyekuwa amemfuata kwa nyuma na kikombe cha chai. Mafundi walimwita Bwana Kesho, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila kitu, pamoja na mishahara. "Usijali, mama. Kesho tutakisafisha."

Mkaguzi aliinama kuangalia vigingi. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi na kitambaa hiki anajua kwamba vigingi vinakaa upande wa chini, ili udongo ukija ukisukume kitambaa kiviegemee. Hapa vilikuwa vimepigiliwa upande wa juu. Udongo ulikuja, ukakisukuma kitambaa mbali na vigingi vyake, ukapita zake kwa chini bila kuaga. Ila chochote kilichotoka chini kupanda juu kilikikuta kimesimama imara. Kwa hiyo udongo wa kilima ulikuwa huru kwenda, na sauti za mtaa ndizo zilizozuiwa.

"Mmekiweka kinyume," alisema mkaguzi.

"Kinyume kwa nani, mama? Aliyekifunga alisimama kule chini. Kwake yeye kiko sawa kabisa."

"Kinazuia sauti za watu."

"Lakini kinazuia," alisema Bwana Kesho, akanywa chai yake.

Mkaguzi alikishika kigingi kilichokuwa karibu naye kwa mikono miwili, akakitikisa, akaking'oa. Kitambaa kikalegea pale, na mtaa wote ukapanda kwa mkupuo: sufuria, majogoo, ugomvi wa ndoa, mtu akiomba aletewe beleshi. Mafundi wakainua vichwa. Na chini ya makelele yote hayo mkaguzi akasikia kikohozi kikavu cha mtu mzima, vikohozi viwili na kuguna. Kilikuwa cha baba yake.

Bwana Kesho alirudisha kigingi tunduni, akakigonga kwa jiwe. Kilima kikanyamaza.

"Samahani, mama. Makelele yanawachanganya mafundi."

Nyumba ya baba yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza chini ya kitambaa. Mkaguzi mwenyewe alikaa upande mwingine wa mji, na eneo hili lilikuwa limetiwa mikononi mwake majuzi tu. Tangu mvua zianze alikuwa akimpigia simu mdogo wake, anayemuuguza baba yao. Simu inapokelewa, halafu kimya. Aliulaumu mtandao. Kumbe maneno ya mdogo wake yalikuwa yakitoka vizuri tu, yakipanda kilima na kunaswa njiani. Alishuka mteremko mbiombio, akaumia kifundo cha mguu wala asijali.

Mdogo wake alikuwa uani akikwangua tope kwa ufagio uliokwisha. "Dada, nimekuita mpaka koo limekauka," alisema. "Hata kwenye simu! Unakaa unanisikiliza kama unasikiliza redio, halafu unakata."

"Sikukusikia."

"Najua. Majirani nao walizunguka kwa barabara wakaenda ofisini kwenu. Walifika na midomo tu. Sauti zilipita njia ya mkato, zikanasa."

Baba yao alikuwa amelala chumba cha nyuma tangu kiharusi kimwangushe. Tope lilikuwa limejaa nje ya mlango wake, mlango ukawa unafunguka kiasi cha mdogo mtu kupenya kwa ubavu, maana yeye ni mwembamba. Kitanda hakikupita, na mgonjwa mzito asiyeweza kujikunja hakupita. Dirisha lilikuwa na nondo. Fundi wa mtaa alikuwa ameukagua ukuta wa nyuma, ule unaotazama kilima, akasema asiuguse mtu hata kwa kidole. Majirani walifukua mlango kila asubuhi, na kila mchana tingatinga likasukuma udongo mpya ukingoni, mlango ukajaa tena. Walichohitaji ni siku moja. Mitambo izimwe siku moja tu, wafukue, wamtoe mzee.

Mkaguzi alipenya kwa shida, akapoteza kifungo. Ukuta wa nyuma ulikuwa umetoka jasho. Alipoutazama sana aliona unajaa na kupungua, taratibu, kwa mwendo wa mtu aliyelala usingizi mzito.

"Unapumua," alisema baba yake kwa upande mmoja wa mdomo. "Mwanzo nilidhani ni mimi."

"Nitawazimia mitambo, baba."

"Wewe si ndiye mkubwa wao?"

"Si sana, baba," alisema mkaguzi, na aliona haya kulisema.

Alipofika ofisini, mkuu wa idara yake alimpokea vizuri. Alikuwa mtu mpole, hapandishi sauti, na feni ya ofisini kwake ilizunguka polepole ili isimpeperushie nywele. Alisikiliza habari ya vigingi mpaka mwisho.

"Kinazuia au hakizuii?"

"Kinazuia, mkuu, ila si—"

"Kuna malalamiko?"

"Mengi mno."

"Mbona hayajanifikia?"

"Yako ndani ya kitambaa."

"Basi yako salama," alisema mkuu wa idara, na hakuwa akitania. "Sikiliza, dada yangu. Mimi si mtu mbaya. Lalamiko moja tu linifikie hapa, nazima mitambo leo leo."

Mkaguzi alishika ahadi hiyo kwa mikono miwili. Alirudi kiwanjani akawakuta wanasafisha kitambaa, maana kwa mara ya kwanza kesho ya Bwana Kesho ilikuwa imefika. Mafundi walikuwa wakichota sauti kwa mabeleshi na kuzitia kwenye matoroli. Nyingine zilianguka njiani zikaendelea kusema zenyewe kwenye vumbi mpaka zikaisha. Mkaguzi alipita toroli kwa toroli, ameinama, akisikiliza, na mwishowe akaipata ya mdogo wake. Akaizoa kwa viganja, akaitia kwenye mfuko mtupu wa saruji, akaufunga mdomo, akaubeba begani mpaka ofisini. Njiani alitembea huku akitazama mbingu. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa kilima, meusi na chini, na kila alipoyatazama aliongeza mwendo.

Alimimina mfuko juu ya meza ya mkuu wa idara.

"Dada," ilisema sauti ya mdogo wake, na vumbi la saruji likatoka nayo, "mlango wa baba haufunguki. Ukuta umeanza kutoa maji. Waambie wasimame siku moja tu, dada. Siku moja. Tafadhali, waambie."

Ikarudia mara ya pili, kwa unyonge zaidi, kisha ikabaki pale mezani ikitetemeka. Mkuu wa idara alikuwa ameweka kalamu chini. Alionekana kuguswa, na huenda aliguswa kweli.

"Inasikitisha," alisema. "Lakini tazama, hii imekuja ndani ya mfuko wa saruji. Imetolewa kiwanjani kwa toroli. Hii ni taka ya ujenzi, dada yangu, na taka zina idara yake, ghorofa ya chini, mkono wa kushoto. Nikiipokea mimi nitakuwa nimewaingilia wenzangu."

Idara ya taka walisema wao hawapokei kitu kinachosema.

Mkaguzi hakurudi kwake jioni ile. Alishuka mtaani, akalala sakafuni kando ya kitanda cha baba yake, mkono wake mmoja ameukandamiza ukutani, jambo lisilokuwa na faida yoyote, naye alijua. Hakupata usingizi hata kidogo. Kulipokucha aliungana na majirani kufukua, na walifukua kwa nguvu zote za hofu, mlango ukafunguka nusu. Saa za mchana tingatinga likanguruma juu, udongo ukateremka, na pamoja na udongo yakaanza matone.

Alitoka mbio mpaka chini ya kitambaa. Bwana Kesho alikuwa amesimama upande wa pili chini ya mwavuli, karibu kiasi cha kurushiwa kitu na kukidaka.

"Zimeni mitambo!" alipiga kelele mkaguzi. "Baba yangu yuko ndani! Zimeni!"

Aliona kitambaa kikitikisika mahali maneno yalipogonga, na kikivimba. Bwana Kesho alimpungia mkono. Kumbe kulala usiku mmoja bondeni kulitosha. Alikuwa sasa mtu wa huku. Aliendelea kupiga kelele kwa sababu hakuna mtu anayeweza kunyamaza akiwa na baba yake ndani, akajaribu kukamata kigingi, lakini kwa upande wa chini kigingi hakishikiki, kinafunikwa na kitambaa, na mvua ilikuwa imekwisha kuwa mvua.

Ukuta ulivuta pumzi moja ndefu, kisha haukuitoa. Uliingia chumbani wote kwa pamoja, na kilima kikaingia nyuma yake.

Ilibidi wamfukue mzee ili wamzike. Mtaa mzima ulichimba, wanaume kwa mabeleshi na wanawake kwa mabeseni, na walipomfikia mdogo mtu ndiye aliyemfuta uso kwa upindo wa kanga yake. Walilia, na walilia sana, kwa sababu mzee alikuwa mtu wao na kwa sababu kila mmoja alikuwa amekwisha kuutazama ukuta wa kwake. Kilio chote kilipanda kilima. Kule juu mchana ule palikuwa na utulivu wa kupendeza, na wateja walioletwa kuonyeshwa nyumba walisifia kwamba mahali hapa mtu anaweza kupumzika kweli.

Baada ya maziko watu wa mtaa walirudi kwenye kazi zao. Walianza kuhama vyumba vya nyuma na kulala vya mbele. Waliacha kuita. Akina mama waliwafundisha watoto kwamba kitu ukikitaka kutoka juu, ukifuate mwenyewe, na ndala ikimezwa na tope basi imekwenda.

Mkaguzi alikwenda ofisini akiwa bado na udongo kwenye kucha. Mkuu wa idara alisimama kumpokea.

"Umeadimika," alisema. "Kitambaa chako kinafanya kazi ajabu. Mvua yote ile, hakuna lalamiko hata moja lililonifikia. Nimeagiza kilima kile kingine nacho wakiweke vilevile, vigingi juu."

Mkaguzi alifungua mdomo. Alisema kila kitu, tangu kigingi alichong'oa mpaka upindo wa kanga, na alivyokuwa akisema machozi yalimtoka. Mkuu wa idara alimtazama midomo kwa heshima zote, hakumkatiza wala hakuangalia saa. Midomo ilipotulia alingoja kidogo, ahakikishe.

"Asante," alisema. "Laiti wakaguzi wote wangekuwa watulivu hivi."

Wakati huohuo, kule ukingoni, fundi mmoja alichota kwenye kitambaa beleshi lililokuwa zito kupita kawaida, akaita mwenzake amsaidie kulinyanyua. "Baba yangu yuko ndani," lilisema. Bwana Kesho aliijua sauti. Akavua kofia, akawanyooshea mafundi mkono wasubiri, akaisikiliza mpaka ikamaliza. Kisha akavaa kofia yake, akawaonyesha toroli.